Nukta ya Getrude

Watu wa Kibaoni walikuwa na sababu nyingi za kuingia kwa Getrude fundi cherehani, na kushonewa nguo ilikuwa mojawapo tu. Sababu kubwa ilikuwa kioo. Kilisimama kwenye kona ya chumba cha mbele, kirefu kuliko mtu mzima wa kimo cha kawaida, kimeegemezwa ukutani ndani ya fremu ya mninga. Mabibi harusi wa Usevya na Mirumba walikuja kujitazama humo kabla ya kwenda misheni. Wazee nao walipita, wakajifanya wanaulizia vifungo vya shati, macho yao yakiwa konani.

Kioo hicho alikileta baba yake. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi wa madini ya risasi kule Mpanda, na mgodi ulipofungwa, wazungu waliokuwa wakiondoka wakauza vitu vya nyumba zao. Wenzake waligombea vitanda na majiko. Yeye akarudi Kibaoni juu ya lori na kioo cha kabati, bila kabati. Mama yake Getrude alikasirika, akakaa siku kadhaa akimwekea mumewe chakula bila kumsemesha. Lakini kioo kilibaki, wazee wote wawili wakafariki, na Getrude akakirithi pamoja na chumba.

Mwaka sabini na sita, Getrude alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Mumewe alikufa kwa homa, na binti yake mmoja, Specioza, alikuwa ameolewa Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, ila hasira zake hazikufika kesho yake. Ndugu aliyebaki karibu alikuwa mdogo wake Romana, aliyelima mpunga Kasansa, upande wa Mto Kavuu. Kila msimu Romana alimletea dada yake magunia ya mpunga, na kila msimu Getrude aliwashonea watoto wa Romana sare za shule. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyejali nani kampa mwenzake zaidi.

Kiangazi cha mwaka huo, asubuhi moja, Landrova ilisimama mbele ya mlango wake. Akashuka kijana mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani. Suruali au shati?"

Kijana alikuwa ameshakiona kioo. Akakisogelea, na Getrude akangoja acheke, maana kila mtu mwenye vumbi aliyejiona mle alicheka. Huyu hakujitazama hata kidogo. Alitoa futi kamba mfukoni akaanza kukipima kioo, marefu yake na mapana yake, kisha akalaza shavu lake karibu na ukingo na kukitazama kwa ubavu kama fundi seremala anayekagua ubao kama umepinda.

"We baba," alisema Getrude, "hicho hakiuzwi."

Kijana akageuka, akaomba radhi. Jina lake lilikuwa Enoka, mtu wa Urambo, mpima ardhi katika mradi wa ramani uliokuwa na ofisi yake Mpanda mjini. Walikuwa wamekuja na vioo vinane vikubwa, akasema, na kimoja kimevunjika njiani karibu na Sitalike. Kilichovunjika kilikuwa cha kwenda Kasansa. Watu wa sokoni ndio waliomwelekeza kwake.

"Mnataka kioo cha nini porini? Nyani wanaoana?"

Enoka akacheka, mara ya kwanza, kisha akavuta kigoda akaketi.

"Kuna chombo kinapita juu angani, mama. Kinaitwa setilaiti. Hakina mtu ndani. Kinapita juu ya bonde letu kila baada ya siku kumi na nane, na kikipita kinapiga picha ya nchi yote, kuanzia huku mpaka ng'ambo ya Ziwa Rukwa, kwa mara moja."

"Nani kakituma?"

"Wamarekani. Kinapiga dunia nzima, halafu anayetaka picha ananunua. Sisi tumenunua."

"Basi kama mna picha, kioo cha nini?"

Hilo swali lilimfurahisha Enoka. Akainama mbele, viwiko juu ya magoti, akaanza kueleza kama mtu aliyesafiri muda mrefu bila wa kuongea naye. Picha zile ni nzuri, alisema, ila zimeundwa kwa nukta, na nukta moja chini huku ni kubwa kama kiwanja cha mpira. Halafu chombo chenyewe kinayumba kidogo kikiwa safarini, dunia nayo inazunguka chini yake, kwa hiyo picha inafika imejivutavuta. Kitu kinachoonekana hapa kwenye picha, ardhini kinaweza kuwa pale.

"Na picha haisemi," aliendelea. "Hapo ndipo shida ilipo. Picha haiwezi kukwambia imekosea wapi wala imekosea kiasi gani. Mradi wetu unataka kuchora mpaka kati ya mashamba ya vijiji na pori la wanyama. Nikiuchora juu ya picha bila kujua kiasi cha kukosea, siku ya kuweka alama chini naweza nikaangukia katikati ya shamba la mtu."

"Vioo vinasaidia nini?"

"Serikali ina mawe yake ya kupimia, bikoni. Kila moja imeandikwa iko wapi. Tukiweka kioo penye bikoni kikarusha jua juu, chombo kinauona mng'ao, na kwenye picha panatokea nukta nyeupe. Tunatazama: imetokea wapi, na ilipaswa itokee wapi? Kioo kimoja kitasema hivi, kingine vile. Tukizikusanya hizo tofauti zote, ndipo tunajua tuiamini picha mpaka wapi."

Getrude alisikiliza, sindano mdomoni. Kisha akaitoa.

"Kumbe mnakipima kipimo chenyewe."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Na huo mpaka unapita wapi kwa upande wa Kasansa?"

"Upande wa mto, mama."

Upande wa mto ndiko kulikokuwa na shamba la Romana. Getrude akainuka, akakifunika kioo kwa shuka, akasema kitakwenda kwa sharti moja: popote kitakapokwenda, yeye yuko pembeni yake.

Sharti hilo lilimfaa Enoka kuliko alivyoonyesha. Alikuwa na bikoni nane zilizotawanyika bonde zima na wafanyakazi wachache, na kila kioo kilihitaji mtu wa kukilinda siku chombo kitakapopita. Kioo kililazwa juu ya godoro nyuma ya Landrova, Getrude akakaa pembeni ameshika fremu, na kila gari liliporuka kwenye shimo alimpigia kelele dereva.

Bikoni ya Kasansa ilikuwa kwenye mwinuko mdogo, hatua chache kutoka njia ya ng'ombe. Lilikuwa jiwe la saruji lililopakwa chokaa safi, majani yamefyekwa kulizunguka. Enoka alilisifu, maana nyingine aliziona zimefunikwa na miiba. Akajenga kichanja cha miti juu yake, akakilaza kioo kwa mshazari, akafunga ubao pembeni yake akaupigilia msumari. Akamwonyesha Getrude mstari aliouchora kwa penseli: asubuhi ya siku yenyewe, saa nne na robo, kivuli cha msumari kiwe juu ya mstari. Kikiwa pembeni, ageuze kioo taratibu mpaka kirudi. Vumbi alifute. Ng'ombe awafukuze. Akamwachia na saa yake ya mkononi, yeye akaenda kwenye bikoni nyingine.

Mara ya kwanza hawakupata kitu. Moshi wa mapori yaliyochomwa ulitanda kuanzia alfajiri, jua likawa kama kiini cha yai. Wakangoja mpaka zamu nyingine. Safari hiyo mbingu zilikuwa safi, na nusu ya Kasansa ilikuja kutazama. Romana alisimama na dada yake, mtoto mgongoni. Getrude alifuta kioo, akatazama kivuli, akageuza kidogo, akatazama tena. Hakuthubutu kukohoa. Watu walitazama juu mpaka shingo zikawauma.

"Kimefika?" aliuliza Romana.

Getrude alitazama saa. "Kimeshapita."

"Bila hata sauti?"

"Bila hata sauti."

Watu wakatawanyika wamenuna, kama walioitwa kwenye ngoma isiyo na wapigaji. Upepo ukaanza kuvuma, na Getrude akaogopa kichanja kitaanguka. Akamwita Romana, wakakishusha kioo wakakibeba mpaka nyumbani kwa Romana, wakakifunga blanketi. Huko ndiko Enoka alikokikuta jioni. Akashukuru, akakirudisha Kibaoni bila ufa, na Getrude akaona mambo ya setilaiti yamekwisha.

Masika yakaja. Mpunga ukaoteshwa, ukavunwa. Mabibi harusi wakaendelea kujitazama. Ilikuwa imeshapita miezi mingi Enoka aliposimama tena mlangoni, safari hii bila vumbi, ana bahasha kubwa kwapani na uso wa mtu aliyetumwa asikotaka kwenda.

Getrude alifurahi kumwona. Alimpa kigoda, akamwandalia chai. Enoka akatoa karatasi pana zilizojaa tarakimu, zimechapwa na mashine ya kompyuta, akaeleza kwamba kila tarakimu ni nukta moja ya picha, na tarakimu kubwa ni mahali penye mwanga mkali. Vioo vyote vinane vilionekana. Saba vilitokea nukta moja au mbili pembeni ya mahali pake, hiki kushoto, hiki kulia, kama walivyotegemea.

"Na cha kwangu?"

Enoka alikunja karatasi. "Cha kwako kimetokea mbali, mama. Nukta sita upande wa juu, kuuacha mto. Ni karibu mita mia nne." Akatazama chini. "Uliwahi kukihamisha kioo kabla ya saa?"

Cherehani ilisimama. Mlangoni palikuwa na mwanamke aliyefuata gauni lake. Alisikia ukimya ule, akaamua kurudi baadaye.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyekiweka pale," alisema Getrude.

"Ndiyo."

"Nilikaa pale tangu alfajiri. Muulize Romana. Uliza Kasansa nzima."

"Nilipokuja jioni nilikikuta nyumbani kwa Romana, na nyumba ya Romana iko upande huohuo wa juu. Mkuu wa mradi, Ndugu Leodgar, anasema labda jua lilikuwa kali, mkakisogeza kivulini mkapumzika, halafu…"

"Kivulini? Kioo cha kurusha jua nikiweke kivulini?"

Getrude aligeukia kazi yake, akakanyaga cherehani kwa nguvu, mshono ukaenda kombo na yeye akauacha uende. Kilichomuuma hakikuwa tuhuma ya mkuu asiyemjua. Ni kwamba asubuhi ile kule mwinukoni, kati ya ng'ombe na vumbi, alikuwa amejisikia amepewa kazi kubwa na ameifanya vizuri. Aliibeba furaha hiyo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Sasa karatasi imekuja kumwambia hakuwepo alipokuwepo.

"Iamini picha yako," alisema hatimaye. "Mimi ni mtu tu."

"Ningeiamini nisingekuja," alijibu Enoka. "Nisikilize, mama. Nikiitupa nukta yako, hesabu inapendeza. Naandika kwamba picha inakosea mita mia na ushee, mkuu anafurahi, mpaka unachorwa. Nikiibakiza, hesabu yote inaharibika. Ila siwezi kuitupa kwa sababu tu inaniharibia hesabu. Nikianza hivyo, kesho nitatupa nyingine, mwisho nitakuwa nimeandika ninachokitaka mwenyewe. Nataka sababu. Kama ulikihamisha, hiyo ni sababu, na sitakulaumu. Kama hukukihamisha, basi kuna kitu hatukijui, na lazima nikijue."

Mguu wa Getrude ulipunguza mwendo, ukasimama. Kijana alikuwa anatoka jasho.

"Sikukihamisha."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya, nimekuamini. Sasa twende tukatafute."

Getrude alichukua kanga yake.

Walifika Kasansa jua likiwa limepanda. Bikoni ilikuwa palepale, chokaa mpya, majani yamefyekwa. Enoka alifunga mashine yake ya kupimia juu ya miguu mitatu, akaanza kulenga bikoni nyingine iliyokuwa juu ya kilima kwa mbali. Romana alikuja kutoka shambani na jembe begani, akaelezwa, akakasirika kwa niaba ya dada yake kuliko dada mwenyewe.

Walikuwa katika hali hiyo alipotokea mzee Makarius, aliyekuwa jumbe wa pale zamani. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, kofia ya jeshi kichwani, na mkononi alikuwa na kopo la chokaa na brashi ya majani. Alikuja mbio kidogo.

"Karibuni, karibuni! Mmekuja kukagua jiwe?"

"Tumekuja kulipima, mzee," alisema Enoka. "Wewe ndiye unayelipaka?"

"Mimi. Tangu enzi za mkoloni. Mzungu aliyelipanda aliniambia, jumbe, hili jiwe ni la serikali, likipotea wewe ndiye utakayejibu." Makarius akalipigapiga jiwe mgongoni kama anavyopigwa ng'ombe mtulivu. "Halijapotea hata siku moja. Na lingepotea, kama si mimi! Mto ule, unauona? Mwaka ule wa mvua kubwa ulikula ukingo wote. Nilikuja asubuhi nikakuta jiwe limebaki kama jino bovu, nusu linaning'inia. Nikasema hapana, serikali itanifunga. Nikaleta ng'ombe wanne na vijana, tukalichimbua, tukalikokota mpaka huku juu, tukalipanda upya. Uso wake ulikuwa unatazama kilima kile, nami nikahakikisha unatazama kilima kilekile."

Enoka alilitoa jicho kwenye mashine yake polepole.

"Mlilikokota," alisema.

"Kwa minyororo! Ni zito, wewe!"

"Kutoka wapi, mzee?"

"Kule." Makarius akanyoosha brashi kuelekea mtoni.

Enoka akaketi chini, juu ya majani. Getrude ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni, akajizuia kwa kanga, kikamshinda, machozi yakamtiririka. Romana akafuata. Mzee Makarius, bila kujua wanacheka nini, akacheka pia, maana aliona wageni wamefurahi.

Aliwapeleka mpaka mahali penyewe. Palibaki shimo lililozibwa nusu na matope, na ndani yake kipande cha saruji ya zamani. Enoka alipima kutoka shimoni mpaka jiweni mara mbili, akatoa karatasi yake ya tarakimu, akaigeuzageuza juani.

"Picha haikukosea," alisema. "Kioo chako kilikuwa mwinukoni, na picha ilikiona mwinukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakitafuta huku chini mtoni, kwa sababu kitabu cha serikali kinasema jiwe liko huku. Kilichokosea ni jiwe."

"Jiwe halijakosea," alisema Makarius, ameanza kuelewa na kuanza kuogopa. "Mimi…"

"Mzee, umelitunza jiwe vizuri kuliko mtu yeyote katika bonde hili," Enoka alimkatiza. "Hakuna atakayekufunga. Ungeliacha lingekuwa ndani ya Ziwa Rukwa leo."

Makarius akavua kofia, akaivaa tena.

Kwa Getrude mambo yangeweza kuishia hapo. Jina lake lilikuwa limesafika, na Kasansa nzima ilijua kabla ya jua kuzama. Lakini njiani kurudi Enoka hakusema neno. Getrude akamuuliza kulikoni, maana alidhani angefurahi.

"Nafurahi, mama. Ila nafikiri. Hili tumeligundua kwa sababu lilihamishwa mbali. Je, lililohamishwa hatua hamsini nitalijuaje? Litajificha ndani ya makosa ya picha yenyewe, nitadhani ni lile lile yumbayumba la kawaida. Nilikuwa naipima picha kwa mawe, na mawe sikuyapima kwa kitu."

Baada ya wiki chache alikuja Ndugu Leodgar mwenyewe. Getrude alikuwa amemjengea sura kichwani, ya mtu mnene mwenye miwani na dharau. Aliyeshuka garini alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, mwenye sauti ya chini, na aliposhuka suruali yake ilinasa kwenye pembe ya mlango wa Landrova ikapasuka kuanzia pajani hadi gotini. Akaingia ameishika kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema, "na naona Mungu ameamua niombe vizuri."

Getrude hakuwa na namna ila kucheka. Akampa kitenge ajifunge, akaichukua suruali. Leodgar aliketi kwenye kigoda, amejifunga kitenge cha maua, akasema maneno yake bila kuzunguka: alimdhania vibaya mtu asiyemjua, kwa sababu ilikuwa rahisi kumdhania. Getrude akasema yamekwisha. Aliposema hivyo alimaanisha.

Kisha Leodgar na Enoka wakarudia mabishano ambayo bila shaka waliyaanza Mpanda. Nukta ya Kasansa ilikwisha kusahihishwa, alisema Leodgar, sasa zote nane zinakubaliana, kwa nini Enoka anataka kuandika kiasi cha shaka kikubwa kuliko zinavyoonyesha? Enoka akajibu kwamba ukiacha la Kasansa, ameweza kwenda kupima upya mawe matatu tu. Manne mengine hayajui. Kuandika namba ndogo ni kusema anayajua.

"Ukiandika namba kubwa," alisema Leodgar, "ukanda wote wa mpaka unakuwa wa shaka. Hauwezi kuchorwa ofisini. Lazima watu wautembee kwa miguu, na mvua ziko njiani. Nitawatoa wapi watu?"

Getrude alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Huo ukanda," aliuliza, "kwa upande wa Romana una upana gani?"

Enoka akachukua chaki ya Getrude ya kukatia vitambaa, akachora sakafuni: huu mto, hili shamba, huu mstari wa picha. Kisha akachora mstari mwingine kila upande. Shamba la Romana lilikuwa ndani, lote, pamoja na mengine mengi.

"Kwa hiyo mstari wenyewe unaweza kuwa huku nyuma ya shamba lake, au unaweza kuwa mlangoni kwake."

"Ndiyo, mama. Hatujui. Tunachojua ni kwamba uko humu ndani."

Leodgar alitazama michoro ya chaki, mkono umeshika kitenge kisifunguke. Getrude alimwona anahesabu, na hakudhani anahesabu kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyepewa bonde zima na gari moja.

"Porini kwenyewe hakuna anayelima," alisema Leodgar hatimaye. "Huko tutachora kwa picha, na shaka tutaiandika kama ilivyo. Penye mashamba tutatembea. Nitaomba watu vijijini, kila mtu atembee kwake. Andika namba yako, Enoka. Andika na sababu yake, maana mimi ndiye nitakayeulizwa."

Getrude akampa suruali yake. Mshono haukuonekana.

Walitembea mwezi wa tisa. Kasansa ilitoka na mapanga na kamba, Enoka mbele na mashine yake, mzee Makarius nyuma na kopo la chokaa akipaka kila kigingi kilichopigiliwa kabla hata hajaombwa. Getrude alifunga duka akaja kupikia watu ugali na samaki wa Rukwa, akawa anaacha chungu kila mara kwenda kutazama kamba imefika wapi. Kulikuwa na kelele. Wawili waligombania kisima, mmoja akaapa mbele ya watu kwamba mwembe wake ni wa babu yake, Enoka akasikiliza wote akazunguka mwembe. Familia moja ya upande wa juu ilikuwa imelima ndani kabisa ya pori, na kwao hapakuwa na shaka ya kuwaokoa. Walipewa mahali pengine karibu na mto, wakaondoka kimya, na Getrude alimtazama mama yule akifunga vyombo vyake akaona aibu kwamba mdogo wake yeye anabaki.

Kamba ilipofika kwa Romana, mpaka ulipita nyuma ya shamba, ukakata pembe moja tu ya chini, kinamasi chenye matete ambacho hakijawahi kuotesha punje ya mpunga. Majirani wakampongeza. Enoka akaja kumpa mkono.

Romana alisimama mbele ya kigingi cha pembeni, mikono kiunoni.

"Na hii pembe yangu?" alisema.

"Shemeji, hii ni matete tupu," alisema mtu mmoja.

"Ni matete yangu."

Getrude alimshika mkono akamvuta kwenye chakula. Romana alikula, akacheka na watu, akawapakulia wapimaji mara mbili. Lakini miaka iliyofuata, kila alipomletea dada yake mpunga Kibaoni, alipokwisha kutua gunia na kunywa maji, hakukosa kuitaja ile pembe.